Dorka Alijibu Kama Nilivyomfundisha

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kijiji cha Hewani.

Joto la leo limetuchosha hata kuzungumza. Mto umeshuka sana, upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mimi tangu asubuhi sijatia kitu tumboni isipokuwa chai na maziwa. Siumwi. Nina aibu, na aibu ikinishika huwa nakasirikia kila mtu kwanza, kuku, jirani, mume, kanisa, halafu ndipo nafika kwangu mwenyewe. Leo nimefika.

Wanaosoma hapa wanajua kwamba nafundisha shule ya Jumapili. Wanajua pia, maana nimejisifu humu mara nyingi, jinsi tunavyolea watoto wetu. Hatuchapi ovyo. Kwetu anayesema kweli hachapwi, ila kila kosa lina kazi yake. Ukimwaga maji, unarudi mtoni na ndoo. Ukimtukana mdogo wako, unamfulia nguo wiki nzima. Akina mama wa kanisa waliwahi kunialika Alhamisi moja nizungumze juu ya malezi, nikasimama na leso yangu mpya nikawaambia kwamba mtoto asiyeonja matokeo ya kosa lake hajafundishwa kitu. Walinipigia makofi. Mmoja aliandika kwenye daftari.

Basi asubuhi hii niliwauliza watoto darasani: ukimkosea mtu, unafanya nini? Lilikuwa swali jepesi, la kuwaamsha tu. Mikono ikapanda. Nikamchagua Dorka, binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi, kwa sababu huwa anajibu vizuri na mimi hupenda watu waone anavyojibu.

Akasimama, akanyoosha gauni lake, akasema, "Unamwambia Mungu, anakusamehe, halafu unanyamaza."

Hakusema kwa utundu. Alisema vile anavyosema jedwali la mara saba. Mtoto mmoja aliyekaa mbele akamuuliza, "Hata kama yule mtu hajui ni wewe?"

"Hasa kama hajui," Dorka akamjibu, akakaa.

Somo lilinishinda palepale. Niliwaambia waimbe, wakaimba, na mimi nikasimama dirishani nikijifanya natafuta miwani ambayo nilikuwa nimeivaa.

Sasa niandike jambo nililolikwepa kwa wiki tatu.

Shamba letu liko kando ya mto, limepakana na malka, ile njia ambayo ng'ombe wa majirani zetu Waorma hushukia kunywa maji. Njia hiyo ilikuwapo hata kabla bibi yake mume wangu hajazaliwa. Makubaliano yake kila mtu anayajua: wao hawaachi ng'ombe watoke njiani, sisi hatulimi juu ya njia, na mashamba yetu tunayazungushia ua wa miiba. Ua wetu una mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ni tawi la mwiba ambalo unalivuta kuziba pengo. Dorka hupita hapo kila asubuhi kuchota maji kabla ya kwenda shule. Kuziba pengo ni kazi yake.

Anayelima huku hahitaji kuelezwa kwa nini. Mafuriko yakiondoka tunapanda kwenye tope, kwa hiyo mahindi yetu huwa mabichi wakati nyasi zote za nje zimekauka. Ng'ombe ana pua, ananusa. Pengo la hatua mbili linatosha kumaliza kazi ya miezi.

Jumanne ile pengo lilibaki wazi. Ndama wakaingia. Nilipofika shambani walikuwa wamekula mistari sita, mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu, na mengine wameyalaza chini kwa kuyakanyaga. Niliwafukuza nikilia. Kisha nikaenda shuleni vilevile, tope magotini, nikamwita Dorka nje nikamuuliza kama alifunga. Akasema alifunga. Nikamuuliza, basi nani alifungua? Akaangalia viatu vyake.

"Ni Halima. Alikuwa anapitisha ndama."

Halima ni rafiki yake. Ni binti wa Waorma hao majirani zetu, na wanakaa dawati moja katika gredi ya nne. Mama yake hutuletea maziwa, na sisi mahindi yetu yakikomaa yeye ndiye wa kwanza kupelekewa. Halima alichelewa kuanza shule. Mama yake alimbembeleza mume wake mwaka mzima mpaka mzee akakubali, na alikubali kwa sharti: akisikia neno moja la aibu kuhusu mtoto huyo, anarudi kwenye mifugo. Haya nilikuwa nayajua. Mama Halima aliniambia mwenyewe, amekaa kwenye mkeka wangu, anacheka kwa furaha kwamba ameshinda.

Nilijua, na sikumuuliza Dorka mara ya pili.

Kama mtu angekuja kwangu kumshtaki Dorka, ningemuuliza maswali mpaka achoke. Ningetaka kujua aliona saa ngapi, alikuwa amesimama wapi, na nani mwingine aliona. Kwa mtoto wa mwenzangu nilitosheka na jina tu.

Nilikwenda moja kwa moja malka. Ilikuwa saa nne, saa ya kunywesha, watu wamejaa na ng'ombe wamejaa, na mimi sauti yangu inajaza kanisa bila spika. Baba Halima alikuwa pale, mkewe pia. Nikayamwaga yote. Nikasema binti yao ni mharibifu na hana adabu. Nikasema sisi watoto wetu tunawafunza kumwogopa Mungu, na nyinyi wenzetu je? Hilo la "nyinyi wenzetu je" nililisema kweli, kwa kinywa hiki. Wazee wawili waliinamisha macho. Sisi wa huku tunajua maneno ya shamba na ng'ombe yamewahi kumwaga damu, na mtu mzima mwenye akili hayapigii kelele mahali pale. Anakwenda kwa mzee wa kijiji, anakaa chini, anaeleza polepole. Mimi nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama.

Baba Halima hakubishana. Alisema tu, "Pole, mama. Mtoto tutaangalia." Nikarudi nyumbani nikijiona nimetetea haki yangu.

Alhamisi jioni, kwenye sala ya nyumbani, Dorka alishindwa kuitikia amina. Alianza kulia, kwanza kidogo, halafu kile kilio cha kukosa pumzi. Akatoa yote. Mwiba ulimchoma kidole alipokuwa akivuta lile tawi, akaliacha akaenda mtoni kuosha damu, akajitwika ndoo akapitiliza. Alisahau. Halima hakuwepo kabisa asubuhi ile. Nikamuuliza kwa nini basi alimtaja.

"Uso wako ulikuwa vile," akasema.

Nilimkumbatia. Alikuwa amesema kweli, na kwetu anayesema kweli hachapwi. Tukapiga magoti, nikamwombea, nikamwambia Yesu amemsafisha, Mungu ameshamsamehe. Mpaka hapo sijilaumu, naamini kila neno, na ningelisema tena leo. Ila sikuishia hapo. Nilimshika mashavu nikamwambia, "Sasa yameisha. Usimwambie mtu. Umesamehewa."

Akafuta machozi. "Na Halima je?"

Nikamwambia Mungu atamtunza Halima.

Sikumpa Dorka kazi yoyote kwa kosa lile. Mimi, mwalimu wa matokeo, mwenye leso mpya. Nilijidai kwamba safari hii nimechagua neema. Ukweli ni kwamba kazi ya kosa lile ilikuwa moja tu, kwenda kwa Mama Halima kusema, na mtoto wa miaka kumi hawezi kutumwa peke yake kwa jambo kama hilo. Angekwenda na mimi. Na ningefika pale, ningelazimika kuyala maneno yangu yote ya malka, moja baada ya jingine, pamoja na lile la wenzetu.

Basi nikajipa sababu. Nikasema nikiyafufua maneno hayo nitachochea. Nikasema amani ya watu wengi ni kubwa kuliko kidole cha mtoto mmoja. Nikasema Waorma wenyewe wameshasahau, si Mama Halima bado analeta maziwa? Ni kweli alileta. Ila alikuwa anaacha chombo mlangoni, anaita mara moja, anaondoka bila kukaa. Hilo pia nililiona na nikajiambia labda ana haraka.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Ijumaa aliniuliza, "Umeenda?" Nikamwambia nitaenda. Jumamosi akauliza tena, nikamwambia si nimeshasema nitaenda. Jumapili nilifundisha darasa langu kama kawaida, sikumbuki nilifundisha nini. Hakuuliza tena.

Jumatatu Halima hakuonekana shuleni. Dorka aliniambia huku akivua viatu. Amepelekwa kwa baba yake mdogo, huko nyikani kupita Garsen, akasaidie ndama. Nikasema "Oo," nikageukia sufuria nikakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Nilikuwa na siku nne. Nimezihesabu vizuri, si nyingi, lakini mtu anayetaka kuvuka uwanja mmoja na kichaka kimoja mpaka kwa Mama Halima hahitaji hata nusu ya moja.

Na wiki hizi tatu mtoto wangu alikuwa anajifunza. Juzi alimwaga uji wote wa mdogo wake. Nilimwona kutoka dirishani: akafukia uji kwa mchanga, akasimama nyuma ya choo amefumba macho, midomo inacheza, kisha akarudi ndani mchangamfu kabisa. Mdogo wake akalia njaa mpaka mchana. Unajua mimi nilifikiri nini? Nilifikiri mtoto anakua kiroho. Nilimsifia hata kwa baba yake.

Leo ibada ilipokwisha sikusubiri kusalimiana na watu. Nilimshika Dorka mkono, tukaenda vilevile na nguo za kanisani. Njiani nilimwambia tunakokwenda.

Mama Halima alikuwa nje ya nyumba yake anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Alitukaribisha, akatandika mkeka, akauliza habari za nyumbani, za mume, za mdogo wake Dorka, zote, kama ilivyo desturi. Zilipokwisha nikamgusa Dorka begani.

Alisema vizuri kuliko nilivyotarajia. "Ni mimi niliacha wazi. Halima hakuwepo. Nilisema uongo kwa sababu niliogopa." Halafu akaanza kulia bila sauti.

Mama Halima alimtazama. Kisha akanitazama mimi, na nikaona kwenye uso wake kwamba anadhani na mimi nimejua leo. Alikuwa ameanza hata kunionea huruma, mama mwenzake aliyedanganywa na mtoto. Niandike na hili, kwa kuwa nimeamua kuandika yote: nilitaka kuacha adhani hivyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "watoto hawa." Dorka alikuwa ananitazama, machozi yanatiririka, anangoja nitasema nini.

Nikasema, "Mimi nilijua, Mama Halima. Nilijua kabla hajaondoka."

"Kabla?"

"Kabla. Siku nne."

Akashika kibuyu, akakigeuza, akakirudisha chini. Kiswahili si lugha yake wala si yangu, sote wawili tunakutania hapo katikati, lakini leo kila neno lake lilinifikia.

"Mtoto yangu alilia sana," akasema. "Yeye nasema, mama, mimi hapana fungua. Nasema mara nyingi. Mimi nikapiga yeye. Tangu nazaa Halima mimi hapana piga, hiyo siku napiga. Mimi nasema, Mama Dorka nafundisha maneno ya Mungu. Mama Dorka hawezi kusema kitu si kweli."

Niliomba msamaha. Niliomba kwa maneno yote niliyo nayo, na mimi ni mtu wa maneno mengi. Aliniacha nimalize.

"Mimi na wewe ni jirani, nitafanya nini? Nasamehe," akasema. "Lakini mimi si Halima."

Nikamuuliza kama mume wake anaweza kumrudisha mtoto shule kwa kuwa sasa ukweli umejulikana. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba neno lile lilisemwa mbele ya wanaume, mbele ya ng'ombe, kila mtu akasikia. Yeye akimwambia mumewe faraghani kwamba mtoto hana kosa, mzee ataona ni ujanja wa mama anayetaka mtoto wake arudi. Na huko aliko Halima simu haishiki. Baba yake mdogo huja mara mojamoja, akija.

"Na akirudi?" nikauliza.

"Yeye atarudi, hatarudi, mimi sijui. Kule kuna kazi mingi. Baba yake mdogo nasema Halima anajua ndama sana."

Alitupa maziwa kabla hatujaondoka. Dorka alishika kikombe mpaka mwisho na hakuweza kunywa. Nikanywa mimi yake na yangu, kwa sababu kuyaacha kungekuwa tusi jingine.

Tukiwa njiani kurudi nilimpa Dorka kazi yake, ile niliyopaswa kumpa wiki tatu zilizopita. Maji ambayo Halima alikuwa anamchotea mama yake kila asubuhi, sasa atachota yeye, ndoo moja ya kwetu na moja ya kwao. Na masomo ya kila siku atayanakili kwenye daftari la pili, kwa mwandiko mzuri, aliweke kwa Mama Halima. Akakubali. Hata hakukunja uso. Nilimwona ametulia kidogo mabegani, na nikatambua kwamba mtoto alikuwa anaingoja adhabu hii tangu Alhamisi ile. Mimi ndiye niliyemnyima.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka Halima arudi."

Tukapita kichaka, tukapita uwanja. Karibu na nyumbani akasimama.

"Na asiporudi?"

Nikamwambia hata hivyo ataendelea kuchota. Akaniangalia usoni, bila ukali wowote, anataka tu kujua mambo yalivyopangwa.

"Na wewe je, Mama?"

Nimekaa na swali hilo tangu saa kumi. Baba Dorka amekuja, amekaa kando yangu, nimemweleza, naye amesema kitu kimoja tu: "Nitakusindikiza mpaka kwenye ua wa shamba, kisha utakwenda mwenyewe." Sikumwambia nakwenda wapi. Alijua.

Kwa hiyo naandika hapa ili nisipate pa kujificha. Kesho Jumatatu sitakwenda shambani mapema. Nitangoja ng'ombe wateremke malka, wanaume wakusanyike wote, na Baba Halima awe pale. Sitakwenda kwa mzee wa kijiji kusema polepole, maana safari ile sikusema polepole. Nitasimama na sauti yangu yote na nitasema kwamba Halima hakuwa mwongo, mwongo alikuwa mtoto wangu, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Hata lile la wenzetu nitalitaja lenyewe na kuliomba radhi. Watanitazama. Wengine watacheka, na habari itafika kanisani kabla sijafika nyumbani. Pengine watanitoa kwenye darasa, na hawatakuwa wamenionea.

Naogopa, nakiri. Lakini ninachokiogopa zaidi si wanaume wala kanisa. Nitasema yote kesho, kwa sauti kubwa, mbele ya kila mtu aliyesikia mara ya kwanza, na mtu mmoja niliyemkosea hatakuwepo kunisikia.